Jinsi ya kuipima mwendo na joto nyota nyutroni ukiwa Dodoma na laptop ya kawaida

Nianze kwa kuwavunja moyo kidogo ili tusipotezeane muda: nyota nyutroni huioni kwa macho, na hata ukiazima darubini ya mtu ukapanda nayo juu ya mawe huko nje ya mji bado huioni. Hii ninayotaka tuifanyie kazi inaitwa RX J1856.5-3754, mng'ao wake ni magnitudi 25.6, yaani imefifia zaidi ya mara milioni 60 kuliko nyota ya mwisho kabisa ambayo jicho lako linaweza kuinasa kule kijijini kusiko na taa. Sasa tunaipimaje? Picha zilishapigwa na wengine, zipo bure, na hakuna anayekuuliza we ni nani wala unasoma chuo gani. Mi mwenyewe nina steshenari tu huku Ng'ong'ona, natoa kopi na kufunga ripoti za wanafunzi, na kazi yote hii nimeifanya kwenye laptop ileile ninayochapia barua za maombi ya kazi.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Nyota kubwa ikifika mwisho wake inalipuka, huo mlipuko ndo supanova, na kiini chake kinajikunja mpaka kinabaki kidude cha upana wa kilomita ishirini na kitu chenye uzito unaolizidi jua letu. Kuna ambazo tunazijua kwa sababu zina mwenza, zinamnyonya mwenza gesi na ile gesi ikianguka inawaka. Ila kuna nyingine ziko pweke, hazina mume wala mke, hazili chochote, na miale inayokufikia ni joto la miili yao yenyewe. RX J1856 ni ya kundi hilo. Iligunduliwa kwa setilaiti ya ROSAT ya Wajerumani, ikatangazwa 1996, halafu darubini ya Hubble ikaipata kama kidoti cha bluu hafifu kabisa. Mpaka leo za aina yake zinazojulikana vizuri ni saba tu.

Kabla hujashika laptop nakushauri utoke nje uangalie anga, najua wengine wataona ni mapambo ila kiukweli inasaidia, maana baadaye ukisikia "inaelekea mashariki" utajua mashariki ipi. Hapa Dodoma msimu wake ni kiangazi, na Julai ndo penyewe, baridi ya kipupwe inauma, upepo upo, ila mawingu hamna. Toka nje ya taa za mji, Hombolo panafaa, Bahi panafaa, mi huwa naenda Bahi kwa bibi. Katikati ya Julai, kama saa tatu na nusu usiku, angalia kusini juu sana utaiona Nge, haina kujificha, ina nyota nyekundu kifuani inaitwa Antares na mkia umejikunja. Subiri mpaka saa sita usiku. Nge itakuwa imesogea kulia kwako, na sasa ukitazama kusini moja kwa moja kuna nyota zimekaa kama birika la chai, hiyo ni Mshale, na chini ya birika kuna kaupinde kadogo ka nyota hafifu, hiyo ndo Taji ya Kusini. Nyota yetu iko pale kwenye kaupinde, karibu digrii 58 juu ya upeo wa macho. Agosti katikati mambo yanakuwa mapema, saa nne tu ishafika hapo.

Bibi aliniuliza iko wapi nikamwonyesha kwa kidole. Akakaza macho weee, akasema haoni kitu. Nikamwambia hata mimi sioni. Akaniangalia hivi, akavuta kanga yake, akarudi ndani kulala.

Haya, turudi mjini. Unahitaji vitu viwili: programu ya kufungulia picha za anga, inaitwa SAOImage DS9, ni bure na nyepesi na inakubali Windows, na picha zenyewe ambazo zipo kwenye MAST, hazina ya mtandaoni ya picha za Hubble iliyoko Baltimore, Marekani. Ukifika MAST andika jina la nyota lilivyo, RX J1856.5-3754, au kama linakusumbua andika anwani yake ya angani, 18 56 35 na -37 54 36. Zitakuja picha nyingi, usizishushe zote utamaliza bando. Chagua Hubble, kamera ya WFPC2, chujio la F606W, na unataka za miaka tofauti, ya 1996 moja na za 1999. Miaka hiyo ndo mwanafalaki Frederick Walter na wenzake waliipiga, na picha hizo ndo walizozitumia kwa kazi hii hii ya kupima mwendo. Kama faili zipo za aina kadhaa chukua ile inayoishia na drz, hiyo imeshasafishwa na kunyooshwa. Mi nashusha usiku wa manane bando la usiku likiwa bei chee, naweka simu hotspot naiacha, na kama umeme ukikatika katikati basi unaanza upya, zoea tu.

Sasa hapa ndo penye utamu na ndo penye mtego, kwa hiyo soma taratibu.

Mwendo tunaoutafuta ni sekunde za tao 0.33 kwa mwaka, na sekunde moja ya tao ni digrii moja ukiigawa kwa 3600. Ukitaka picha ya udogo wake, chukua punje moja ya mchele wa Bahi, mpe mtu aende nayo kilomita 4, halafu jaribu kuiona ilivyo ndefu. Ndo hiyo, na nyota inatumia mwaka mzima kusogea hivyo. Kati ya Oktoba 1996 na Septemba 1999 inakuwa imesogea karibu sekunde moja ya tao, ambayo kwenye picha yenye pikseli za 0.1 ni pikseli kumi hivi. Pikseli kumi zinaonekana vizuri kabisa, tatizo haliko hapo. Tatizo ni kwamba kila picha imeandikiwa ndani yake anwani za angani, na kwa picha za zamani za Hubble hizo anwani zenyewe zinaweza kukosea kwa kiasi kama hichohicho cha sekunde moja, maana zilitegemea katalogi ya nyota za kuongozea ya wakati ule. Yaani kosa la ramani linalingana na safari unayotaka kuipima. Halafu juu ya hapo Hubble huwa inageuza mwili wake kufuata jua, picha ya Machi na picha ya Septemba zinakaa kama mtu aliyesimama na mtu aliyesimama kichwa chini.

Mi sikuyajua haya. Mara ya kwanza nilifungua picha mbili, nikasoma anwani ya kidoti huku, nikasoma kule, nikatoa, nikapata nyota inakimbia kaskazini kwa kasi ambayo hata sitaki kuitaja, nikamtumia jamaa yangu meseji saa nane usiku kwamba nimegundua kitu. Asubuhi akanijibu swali moja tu: nyota nyingine kwenye picha hazijahama? Nikapima nyingine. Zote zilikuwa zimehama, tena zote upande uleule. Kumbe ni picha iliyohama, si nyota.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua picha zote mbili kwenye DS9, kila moja kwenye fremu yake. Nenda menyu ya Frame, tafuta Match, chagua Frame halafu WCS (ndo zile anwani za angani), hapo ya pili itageuzwa ikae kama ya kwanza, kaskazini juu na mashariki kushoto. Kisha bonyeza Blink. Picha zitakuwa zinapishana, moja, ya pili, moja, ya pili, na utaona nyota zote zinacheza kidogo kwa pamoja kama watu kwenye daladala likipita tuta. Hiyo ni kosa la ramani. Sasa tafuta ambayo haichezi na wenzake.

Siku napambana na hili mpwa wangu alikuwepo dukani, yuko kidato cha pili, amekuja kuchapisha notsi zake. Nimekaa naangalia kioo kama robo saa, macho yamechoka, nimezidisha mwanga nimepunguza mwanga, sioni. Yeye anakula zabibu nyuma yangu. Akasema, "Mjomba, hako kanakwenda peke yake," akaweka kidole kwenye kioo, kidole chenyewe kina maji ya zabibu. Kweli bwana. Katikati ya nyota zinazocheza kulia kushoto kwa pamoja kulikuwa na kidoti hafifu kama vumbi la kwenye kioo, chenyewe kinaruka kushoto na kushuka kidogo, kinarudi, kinaruka. Nilifuta kioo kwanza kuhakikisha si vumbi kweli.

Ukishakiona ndo unapima. Weka duara dogo kwenye kidoti, DS9 ina kitufe cha kutafuta kitovu kinaitwa Centroid, tumia hicho usikadirie kwa jicho. Andika anwani yake kwenye picha ya 1996 na ya 1999. Halafu fanya hivyohivyo kwa nyota nane au kumi zilizo jirani, chagua za mviringo safi, acha zile kubwa zilizong'aa mpaka zimepasuka katikati, acha na madoa yaliyokaa kama wingu maana hayo ni magalaksi na kitovu chao kinadanganya. Wastani wa mchezo wa hizo nyota kumi ndo kosa la ramani, utoe kwenye mwendo wa kidoti chako. Kinachobaki gawa kwa miaka iliyopita kati ya picha mbili. Kumbuka tu kwamba tofauti ya anwani ya mashariki-magharibi lazima uizidishe kwa kosini ya digrii 37.9, ambayo ni 0.79, usipofanya hivyo jibu lako litazidi. Sisi tulipata 0.31. Wataalamu wanasema 0.332. Nimeridhika.

Kuna wanaoniuliza vipi ule mchezo mwingine wa kila mwaka, paralaksi, unaotokana na dunia kulizunguka jua. Upo, ila kwa nyota hii ni 0.008 hivi, sehemu moja ya arobaini ya mwendo wa mwaka, kwa kipimo chetu cha dukani usihangaike nao. Ila huo mchezo mdogo ndo uliotoa umbali, na uliwatoa watu jasho. Hesabu ya kwanza ilitoa parsek 60 kwa picha hizihizi, wengine wakaja na 140, na baada ya picha nyingi zaidi za Hubble ikatulia kwenye 120 hivi, ambayo ni miaka ya nuru 400 kasoro kidogo. Nawaambia haya ili ukikosea usijione mjinga.

Ukiwa na umbali, kasi ni kuzidisha tu: 4.74 mara 0.33 mara 120. Hiyo 4.74 ni umbali wa dunia na jua kwa mwaka mmoja ukigeuzwa kuwa kilomita kwa sekunde, haina uchawi. Unapata kama kilomita 188 kwa sekunde. Treni yetu ya SGR ikikaza inakwenda 160 kwa saa na watu wanashangilia, hii ingetoka stesheni ya Dodoma ikafika Dar kwa sekunde mbili na nusu. Na hiyo ni kasi ya kukatiza anga tu. Kama inatusogelea au inatukimbia hatujui, kwa sababu kasi ya namna hiyo inasomwa kwenye mistari ya spektra, yaani mwanga ukitawanywa kwa rangi zake, na spektra ya nyota hii haina mistari, ni laini kama ugali uliosongwa vizuri.

Kwa nini inakimbia hivyo? Supanova haikulipuka sawasawa pande zote, ikaitandika teke. Unaweza hata kurudisha nyuma njia yake. Inaelekea mashariki na kusini kidogo, kwa hiyo imetoka magharibi, na ukitoka tena usiku wa Julai ukasimama kutazama kusini, kushoto ni upande wa Morogoro ndo inakoelekea, kulia ni Nge ndo ilikotoka. Wanaofuatilia wanaihusisha na kundi la nyota changa lililoko kichwani mwa Nge, na umri wake wanaukadiria miaka kama laki nne. Zidisha mwenyewe: 0.33 mara 400,000 gawa kwa 3600, unapata digrii 37 hivi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni digrii kumi. Anza kwenye Taji, hesabu ngumi nne kasoro kwenda kulia, uone umefika wapi.

Tuje kwenye miale. Hapa nitapita haraka kidogo maana programu zake ni nzito. Nyota hii uso wake una joto la kama nyuzi 700,000 za Kelvin, jua letu ni 5,800, na kitu chenye joto hilo kinatoa miale yake mingi kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 4, eksrei laini. Hewa ya dunia inazimeza zote, ndo maana ukiwa ardhini unaachiwa makombo, ule mwanga hafifu wa bluu. Data za eksrei zimo kwenye hazina za setilaiti za Chandra na XMM-Newton, nazo bure. Faili ni kubwa, mamia ya megabaiti, kwa hiyo mi sishushi tena, natumia SciServer ambapo programu na data vyote vipo hukohuko, we unaendesha kwa kivinjari. Fungua XSPEC, programu ya kuchambua spektra za eksrei, weka modeli ya tbabs (gesi inayomeza miale njiani) na bbodyrad (kitu kinachong'aa kwa joto lake), bana nishati kati ya 0.15 na 1.2 keV, hiyo keV ni kipimo cha nishati ya miale, acha ijipange. Joto litakuja kama 0.06 keV, zidisha kwa milioni 11.6 upate Kelvin.

Usishtuke ukiona kipenyo kilichotoka ni kidogo mno. Mwaka 2002 watu walishtuka kweli, wakasema labda hii si nyutroni ni nyota ya kwaki, yaani ya vile vichembe vinavyounda nyutroni zenyewe, habari ikazagaa dunia nzima. Ila ukichukua mchoro wa nguvu ya eksrei ukauendeleza mpaka kwenye mwanga wa kawaida, unakuta mwanga halisi umezidi mchoro mara kadhaa. Maana yake eksrei zinatoka kwenye sehemu ya moto zaidi ya uso, na mwili wote ni mkubwa zaidi na wenye joto dogo kidogo. Mi hoja hiyo naielewa kirahisi: mtu akikaa kwenye jiko la mkaa usiku unaona mkaa, huoni jiko.

Mapigo yake sasa. Inajizungusha mara moja kila sekunde 7.06, ila mapigo yake ni asilimia 1.2 tu ya mwanga wake, yaligunduliwa 2007 baada ya watu kuyatafuta miaka. Usianzie hapo, utakata tamaa. Anza na ndugu yake RX J0720.4-3125, mapigo yake ni kama asilimia 11, utayaona. Chukua orodha ya fotoni za XMM, yaani chembe mojamoja za mwanga, kila fotoni ina saa yake. Kwanza endesha barycen, hiyo inageuza saa iwe kana kwamba uko kwenye kitovu cha uzito wa mfumo wa jua, maana dunia ikiwa upande huu au ule wa jua fotoni inawahi au kuchelewa mpaka dakika nane. Kisha gawa kila saa kwa 8.39, tupa namba nzima, baki na desimali, hesabu ngapi zimeangukia 0 mpaka 0.1, ngapi 0.1 mpaka 0.2, endelea. Chora. Kama ni tambarare umekosea kipindi, kama ina nundu umelipata pigo. Halafu jaribu 16.78 pia, kuna utafiti wa 2017 uliosema kipindi chake halisi ni hicho, mara mbili, nundu mbili zinazofanana karibu kabisa.

Mwisho kuna wanaotaka kushika kitu kwa mkono, hawataki data za watu. Hao wajaribu Vela, pulsa (nyota nyutroni inayopiga mapigo) iliyoko kwenye kundi la nyota la Tanga, tanga la jahazi si mkoa, pweke nayo, inapiga mara 11 kwa sekunde na ni moja ya zinazonguruma zaidi angani kwa redio, na sisi huku kusini tunaipata juu vizuri, digrii 51. Wapenzi wa redio nchi nyingine wameinasa kwa antena zao za nyumbani na kale kadude ka yuesibi ka kupokea redio, RTL-SDR, kwenye masafa ya megahezi 400 na kitu. Mawingu hayaizuii, kwa hiyo hata masika twende. Ugumu ni kwamba masafa ya juu yanatangulia kufika na ya chini yanachelewa, ukisikiliza upana wa megahezi 2 karibu na 430 pigo linachakachuka kwa milisekunde 14 kati ya 89 za kipindi kizima, lazima programu ilinyooshe kwanza halafu ikunje data za saa nzima au zaidi ndo nundu itokee.

Yangu nimeitengeneza kwa vipande vya bomba la alumini nikaifunga juu ya bati la duka. Mpaka sasa ninachokipata ni kelele ya chaja ya jirani na kila bodaboda anayewasha pikipiki hapo nje. Nimeongea na jirani, chaja atanunua nyingine, bodaboda siwawezi. Aprili Vela itakuwa juu saa mbili usiku, naihamishia antena Bahi kwa bibi, kama atanikubalia.